Mchungaji Aliyetambaa Kumfuata Majeruhi

Tukisikia mtu anaitwa kapteni, mawazo yetu huenda kwenye bunduki, amri na gwaride. Tukisikia anaitwa mchungaji, tunafikiria mimbari, ubatizo, ndoa na mazishi. Ni mara chache tunakutana na mtu aliyebeba majina yote mawili kwa wakati mmoja. Mtu wa namna hiyo alikuwa Mchungaji Andrew Gillison, Mskoti aliyekufa vitani tarehe 22 Agosti 1915 akiwa na umri wa miaka 47. Alikuwa na cheo cha kapteni, lakini hakufa akiongoza mashambulizi. Alikufa akijaribu kumvuta majeruhi mmoja atoke mahali pa hatari.

Wapenzi wasomaji, mwezi huu tumechagua kusimulia habari zake kwa sababu zinagusa maswali ambayo familia nyingi za Kikristo huulizana. Je, mtumishi wa Mungu ana kazi gani mahali ambapo watu wanauana? Je, ni haki kwa baba mwenye mke na watoto kuyaweka maisha yake hatarini kwa ajili ya mtu mmoja? Na nani anamtazama mjane wa mchungaji baada ya maua ya kaburini kunyauka?

MTOTO WA NYUMBA YA MCHUNGAJI

Andrew Gillison alizaliwa tarehe 7 Juni 1868 katika kijiji cha Baldernock, kaskazini ya mji wa Glasgow huko Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji. Ndiyo kusema alikulia katika nyumba ambayo watu hugonga mlango usiku kuleta habari za ugonjwa na msiba, na ambayo chakula cha jioni huachwa kipoe mezani kwa sababu baba ameitwa. Mama yeyote aliyeolewa na mchungaji anaijua nyumba ya namna hiyo.

Alisoma shule katika mji wa Edinburgh, kisha akaingia Chuo Kikuu cha mji huohuo. Baadaye akaufuata wito wa baba yake na kuwa mchungaji wa Kanisa la Presbiteri. Hilo ndilo kanisa lililoenea sana Uskoti tangu wakati wa John Knox, na ndilo ambalo wamisionari Waskoti walilileta Kenya, likawa chimbuko la Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki tunalolijua.

Mwaka 1903 alihama na familia yake kwenda Australia. Siku zile safari hiyo ilikuwa ya majuma mengi baharini, na aliyeondoka Uskoti hakuwa na hakika ya kuwaona tena wazazi wake. Alianza kazi katika mji wa Brisbane, halafu akaitwa Melbourne, kwenye kanisa la St George's katika mtaa wa East St Kilda. Huko Waskoti wengi walikuwa wamehamia, na waliposikia lafudhi ya nyumbani mimbarini walijisikia kama wako kwao.

VITA VINAPIGA HODI

Agosti 1914 Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilianza. Australia ilikuwa chini ya Mfalme wa Uingereza, hivyo vita vya Uingereza vikawa vita vyao pia. Vijana wakamiminika kwenye ofisi za kuandikisha askari. Wengi wao walikuwa watoto wa usharika: waliobatizwa, waliofundishwa katekisimu, walioimba kwaya.

Mchungaji Gillison alikuwa na miaka 46. Hakuna ambaye angemlaumu kama angebaki. Lakini alikwenda, akawekwa kuwa mchungaji wa batalioni ya 14, kikosi kilichoundwa Melbourne. Mchungaji wa jeshi alipewa cheo cha ofisa ili aweze kuingia kila mahali na kusikilizwa na wakubwa. Hata hivyo hakuwa mpiganaji. Sheria za kimataifa zilizokuwapo tayari ziliwaweka wachungaji wa majeshi pamoja na waganga: watu wanaopaswa kulindwa na pande zote mbili.

Mwishoni mwa Desemba 1914 batalioni ilipanda meli Melbourne kwenda Misri. Kule walifanya mazoezi katika mchanga karibu na Cairo. Kikosi chao kilikuwa sehemu ya brigedi ya nne, iliyoongozwa na John Monash, mhandisi wa Kiyahudi kutoka Melbourne. Basi Mpresbiteri, Mkatoliki, Mwanglikana na Myahudi walikula mkate mmoja na kunywa maji ya pipa moja.

Kazi za mchungaji kambini zilikuwa nyingi kuliko mahubiri ya Jumapili. Alisikiliza vijana waliowakumbuka mama zao. Aliwaonya juu ya ulevi na wanawake wa mjini. Aliwatembelea waliolazwa. Vita vilipokuja, kazi nyingine mbili zikaongezeka na kuzimeza zile za kwanza: kuzika wafu, na kuandika barua kwa jamaa zao.

GALLIPOLI

Tarehe 25 Aprili 1915 majeshi ya Uingereza, Ufaransa, Australia na New Zealand yalishuka kwenye rasi ya Gallipoli, nchini Uturuki. Shabaha yao ilikuwa kuufungua mlango wa bahari wa Dardanelles, wafike Istanbul na kuwapelekea Warusi msaada. Mpango huo ulikuwa mkubwa katika karatasi. Katika nchi yenyewe, askari walijikuta wameng'ang'ania ukanda mwembamba wa ufuko chini ya vilima virefu, na Waturuki wako juu yao wakilinda nchi yao kwa ushujaa mkubwa.

Tukumbuke kwamba na upande wa pili walikuwako wana wa mama. Jeshi la Uturuki lilikuwa na maimamu wake waliowaombea na kuwazika wenzao, kama wachungaji walivyofanya upande huu. Tarehe 19 Mei Waturuki walishambulia kwa nguvu wakapata hasara kubwa mno. Maiti zipatazo 3,000 zilibaki katikati ya mahandaki ya pande mbili, chini ya jua kali. Harufu ikawa haivumiliki. Ndipo tarehe 24 Mei wakakubaliana kusimamisha vita kwa saa tisa tu, toka asubuhi hadi jioni, ili kila upande uzike. Watu waliokuwa wakiuana jana yake wakakutana na majembe mikononi, wengine wakapeana sigara. Jioni wakarudi mahandakini, na risasi zikaanza tena.

Majira ya joto yalipokuja, adui alikuwa zaidi ya risasi. Maji yaliletwa kwa mashua na kugawiwa kwa kipimo. Inzi walijaa juu ya chakula hata mtu akawa anakula huku anapunga mkono. Ugonjwa wa kuhara damu uliwadhoofisha watu wazima hadi wakawa kama vijiti. Katika hali hiyo mchungaji mwenye umri wa kuwa baba wa askari wake aliishi nao vilima hivyo hivyo, miezi minne mfululizo.

KILIMA NAMBA 60

Mwezi wa Agosti makamanda walijaribu tena kuvunja ngome za Waturuki. Moja ya sehemu zilizotakiwa ni kilima kidogo walichokiita Kilima 60, kwa sababu kimo chake ni kama mita 60 tu juu ya usawa wa bahari. Kilima cha kupandwa na mtoto anayechunga mbuzi. Lakini kiligharimu maisha ya mamia ya watu.

Tarehe 21 Agosti alasiri, mabaki ya batalioni ya 13 na ya 14 yaliamriwa kushambulia. Yalikuwa mabaki kweli, kwa kuwa magonjwa na mapigano ya mwanzo wa mwezi yalikuwa yamekwisha kuwapunguza vibaya. Walivuka mahali pa wazi mbele ya bunduki za mtombo. Wengi walianguka hapo hapo. Halafu vichaka vikavu vya kilimani vikashika moto, na majeruhi waliokuwa hawawezi kutembea wakawa katikati ya ndimi za moto. Wenzao waliingia kuwavuta, lakini haikuwezekana kuwafikia wote.

Asubuhi ya tarehe 22 Mchungaji Gillison alikuwa pale kufanya kazi yake: kuwazika wafu wa jana. Akiwa anasubiri kusoma ibada ya mazishi, alisikia mlio wa mtu kutoka vichakani ng'ambo ya ukingo wa kilima. Alichungulia. Mita chache tu mbele yake alikuwa amelala askari aliyejeruhiwa, ambaye hakuweza kujisogeza. Sisimizi walikuwa wamemvamia wakimuuma.

Dada mpendwa, kama umewahi kuvamiwa na siafu usiku unajua jambo hilo. Mtu mzima mwenye miguu miwili huruka kitandani akipiga kelele. Sasa mfikirie mtu asiye na nguvu hata ya kuinua mkono kujipangusa.

Mchungaji alikuwa ameonywa asiende sehemu ile, maana walenga shabaha wa Kituruki walikuwa wakiiangalia. Alilijua onyo hilo. Hata hivyo alitambaa kwenda. Alifuatana naye Koplo Robert Pittendrigh wa batalioni ya 13. Huyu naye alikuwa mhubiri, mtumishi wa Kanisa la Methodisti, lakini yeye aliingia jeshini kama askari wa kawaida, bila cheo cha mchungaji. Kwa hiyo pale vichakani, watumishi wawili wa Injili wa madhehebu mawili walikuwa wakitambaa kwa matumbo yao kumfuata mtu mmoja.

Walimfikia. Walikuwa wameanza kumvuta kumrudisha, ndipo risasi zikalia. Mchungaji Gillison alipigwa mgongoni. Pittendrigh naye akajeruhiwa vibaya. Gillison alikata roho siku ile ile. Pittendrigh aliishi siku chache tu, naye akafa kwa jeraha lake. Mchungaji aliyekuja kuzika wengine akazikwa yeye. Kaburi lake liko katika makaburi ya Embarkation Pier, huko huko Gallipoli, karibu na bahari.

Vita vya Gallipoli havikufanikiwa. Kufikia Januari 1916 majeshi yote yaliyoshuka yalikuwa yameondolewa. Waaustralia zaidi ya 8,000 walibaki makaburini, na Waturuki waliokufa walizidi 80,000.

HABARI INAPOFIKA NYUMBANI

Hapa tusimame kidogo, kwa kuwa gazeti letu ni la familia. Wanaume wanaposimulia vita husimulia vilima na bunduki. Sisi tunauliza: nyumbani ilikuwaje?

Huko Australia kulikuwa na utaratibu mmoja wa kuhuzunisha. Askari akifa, jeshi halikupeleka simu ya maandishi moja kwa moja kwa mke au mama. Lilimpelekea mchungaji au padri wa dhehebu lake, naye akaenda kwa miguu kuwaambia wenyewe. Kusudi lilikuwa jema, ili habari isimkute mwanamke akiwa peke yake na karatasi mkononi. Lakini matokeo yake ni kwamba wanawake walianza kumwogopa mchungaji. Akionekana anapita mtaani siku ya kazi, akina mama walisimama madirishani wakiomba kimoyomoyo asigeukie lango lao. Mtu ambaye zamani alikuja na baraka sasa alikuja na kilio.

Nyumba za wachungaji nazo hazikusalimika. Mke wa Gillison alikuwa mama mchungaji. Kazi ya mwanamke wa namna hiyo ni kuwafariji wafiwa, kuketi nao, kupika chai, kushika mkono. Agosti ile msiba ukaingia kwake mwenyewe, akiwa ng'ambo ya bahari, mbali na nchi aliyotoka, na watoto wa kulea.

Je, mumewe alifanya vizuri? Wengine watasema hapana. Watasema baba hana ruhusa ya kuwaacha watoto wake kwa ajili ya mtu asiyemjua, tena baada ya kuonywa. Hoja hii si ya kudharauliwa. Biblia yenyewe, katika barua ya kwanza kwa Timotheo, inamkemea vikali mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake.

Lakini tuangalie jambo lenyewe lilivyokuwa. Gillison hakutafuta hatari ili apate sifa. Alikuwa katika kazi yake ya kila siku, akasikia mtu analia. Angeweza kusema, "Mimi kazi yangu ni waliokufa, wa kuokoa walio hai watakuja." Katika mfano wa Msamaria Mwema, kuhani na Mlawi nao walikuwa na kazi za maana za kuwahi. Walimwona aliyejeruhiwa wakapita upande mwingine. Mchungaji huyu hakupita. Miezi minne alikuwa amewahubiria vijana wale habari za upendo unaotajwa katika Yohana 15:13, wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Kama siku ile angeziba masikio, askari wangeendelea kumheshimu, maana hawakumtarajia aende. Lakini yeye mwenyewe angesimamaje tena kuwahubiri?

Tuseme pia ukweli mwingine. Kumheshimu mtu huyu si kuvisifu vita. Kilima cha mita 60 hakikustahili damu iliyomwagika juu yake. Uzuri wa habari hii ni kwamba katikati ya ubaya ule mtu mmoja alikataa kumhesabu mwenzake kuwa ni hasara ya kawaida.

VITA HIVYO HIVYO KWETU

Tusidhani mambo hayo yalikuwa ya mbali tu. Vita hivyo hivyo vya mwaka 1914 hadi 1918 vilipita katika mashamba ya babu zetu. Waingereza na Wajerumani walipigana kutoka Taveta hadi ng'ambo ya mto Ruvuma, na waliobeba mizigo yao walikuwa Waafrika. Makumi ya maelfu ya wabebaji walikufa, wengi kwa magonjwa, njaa na uchovu kuliko risasi. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yanatokana na jeshi hilo la wabebaji.

Huko Kikuyu alikuwako Mskoti mwingine, Dakta John Arthur, mganga wa misheni aliyewekwa wakfu kuwa mchungaji mwaka 1915. Serikali ilipoongeza nguvu za kuwakamata wanaume kwa kazi ya ubebaji mwaka 1917, aliunda kikosi cha wabebaji kutoka misheni, akaenda nao mwenyewe akiwa ofisa wao, ili wapate chakula, dawa na mtu wa kuwatetea. Yeye alirudi salama. Njia yake na ya Gillison hazikuwa sawa, lakini wote wawili walielewa kwamba mchungaji akibaki nyuma, kondoo hupotea bila wa kuwahesabu.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, huduma haianzii mahali palipopangwa. Gillison alipangiwa mazishi. Mungu akamsikilizisha mlio. Mara nyingi mlio huo kwetu ni wa jirani anayepigwa na mumewe usiku, msichana wa kazi anayeugua chumba cha nyuma, au mgonjwa ambaye ndugu wameacha kumtembelea. Tunausikia tukiwa njiani kwenda kwenye kikao cha akina mama. Tunasema wenye kazi hiyo watakuja.

Pili, madhehebu yasitutenge penye shida. Mpresbiteri na Mmethodisti hawakujadiliana habari za ubatizo kabla ya kutambaa. Mtaani kwetu kuna misiba ambayo tunashindwa kusaidiana kwa sababu marehemu alisali kanisa lingine.

Tatu, na hili tuliangalie kwa uchungu, ni habari za wajane wa watumishi. Katika makanisa mengi nyumba ya mchungaji ni mali ya usharika. Mchungaji akifa, mjane huomboleza huku akifunga mizigo, kwa sababu mtumishi mwingine anakuja. Aliyewapikia wageni wa kanisa miaka ishirini anakosa mahali pa kulaza watoto wake. Tunamsifu marehemu kwa hotuba ndefu, lakini mkewe tunamsahau kabla ya arobaini kwisha. Umoja wa akina mama unaweza kuanza mapema: kumhimiza mchungaji ajenge kibanda chake angali na nguvu, kuuliza kanisa lina utaratibu gani wa mafao, kuweka mfuko mdogo wa ada za watoto. Mambo hayo yakifanywa wakati mchungaji yu hai, yatakuwa heshima kwake na usalama kwa nyumba yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Someni Luka 10:25-37. Kuhani na Mlawi walikuwa na sababu gani za kupita? Sisi tunatumia sababu zipi?

2. Mngekuwa pale Kilima 60, mngemshauri Mchungaji Gillison aende au abaki? Kila mmoja aeleze kwa nini.

3. Tunawezaje kupeleka habari za msiba kwa mwanamke bila kumwacha peke yake? Nani katika kikundi chetu anafaa kwa kazi hiyo?

4. Mchungaji wetu akifa leo, mkewe na watoto watalala wapi mwezi ujao? Andikeni jibu, mlipeleke kwa wazee wa kanisa.